Jinsi ya kusawazisha milinganyo ya kemia: kutoka maji hadi marudio ya dhahabu

Binti mmoja wa kidato cha pili alinijia tuisheni na daftari mkononi, kidole kimeshika ukurasa usimpotee. "Shikamoo mwalimu. Ile ya jana nimeibalansi peke yangu." Nikaitikia marahaba, nikatazama. Alikuwa ameandika:

H₂ + O₂ → H₂O₂

Nikahesabu. Haidrojeni mbili kushoto, mbili kulia. Oksijeni mbili kushoto, mbili kulia. Kwa hesabu tupu hana kosa. Nikamuuliza swali lilisemaje. "Haidrojeni inaungana na oksijeni kutengeneza maji." Nikamwambia, "Mwanangu, hayo maji yako usije ukayanywa. Hiyo ni haidrojeni paroksaidi, ile dawa inayotoa povu jeupe ukiimimina kwenye kidonda."

Hakukosea kuhesabu. Alibadilisha kitu chenyewe ili hesabu ikae sawa, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote, hata kwa watu wa kidato cha nne. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, lishike hili: unaruhusiwa kugeuza idadi, huruhusiwi kugeuza kitu.

Namba iliyo yako na isiyo yako

Ndani ya mlinganyo kuna namba za aina mbili. Namba ndogo ya chini, kama ile 2 ya H₂O, ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukiigusa umebadilisha maji kuwa kitu kingine. Namba kubwa ya mbele, kama 3 ya 3H₂O, ni idadi tu: molekuli tatu za maji. Hiyo ya mbele ndiyo yako. Usipoona namba yoyote mbele, ujue ni 1, ila hatuiandiki.

Kwa nini tusawazishe? Kwa sababu kwenye mmenyuko atomu hazizaliwi wala hazifi, zinabadilisha majirani tu. Mfaransa Antoine Lavoisier aliliona hilo kwa mizani: alipima vitu ndani ya vyombo vilivyofungwa kabla na baada ya mmenyuko, akakuta uzito ni ule ule, na kitabu chake cha mwaka 1789 kikaifanya kanuni hiyo kuwa msingi wa kemia. Miaka mitano baadaye wanamapinduzi walimkata kichwa, lakini kesi yake ilikuwa ya ukusanyaji kodi, si ya kemia.

Kama bado unaona ni maneno ya kitabuni, nenda jikoni uchukue mahindi na maharage kama unayetaka kupika makande. Punje ya mahindi iwe haidrojeni, haragwe liwe oksijeni. Gesi hizi mbili hutembea wawili wawili, kwa hiyo weka mezani jozi moja ya mahindi na jozi moja ya maharage. Sasa tengeneza maji: haragwe moja na punje mbili. Umepata molekuli moja, na haragwe moja limebaki peke yake. Kulitupa huwezi. Kulirudisha kwenye gunia huwezi, maana lilikuja na mwenzake. Njia ni moja: leta jozi nyingine ya mahindi. Mezani sasa una molekuli mbili za maji na hakuna kilichobaki. Andika ulichokifanya:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Wanafunzi wangu wanaochezea punje hizi mara tatu nne huacha kabisa kugusa namba za chini, kwa sababu wameshaona haragwe likibaki.

Jifunze kuhesabu kwanza

Namba ya chini inahesabu atomu iliyo mbele yake tu. Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani ya mabano. Namba ya mbele inazidisha fomula nzima. Tuseme umepewa 2Al₂(SO₄)₃. Alumini ni 2 × 2 = 4. Salfa ni 2 × 3 = 6. Oksijeni ni 2 × 3 × 4 = 24. Ukipata 8 au 12 kwenye oksijeni, umesahau mabano au umesahau namba ya mbele. Rudia hapo hapo, maana asiyeweza kuhesabu hiyo akiendelea mbele anapoteza muda.

Fomula ikiwa mbovu, hakuna namba itakayokuokoa

Mtu anakaa nusu saa na mlinganyo, anajaribu 2, anajaribu 3, anajaribu 6, haukubali. Ukitazama unakuta ameandika kloraidi ya magnesiamu kuwa MgCl. Hapo ameweka kitu kisichotakiwa, na atakesha. Mimi huwaambia wanafunzi: robo ya kwanza ya kazi ni fomula, na usianze kuhesabu mpaka umeridhika nayo.

Mambo mawili ya kukariri, na nasema kukariri bila aibu. La kwanza, elementi saba ambazo zikiwa peke yake hutembea mbili mbili: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂ na I₂. La pili, valensi za vitu vya kila siku, yaani idadi ya mikono ambayo kila kitu kinatumia kushikana na vingine. Valensi 1: sodiamu, potasiamu, haidrojeni, klorini, na vikundi OH, NO₃, HCO₃ na NH₄. Valensi 2: magnesiamu, kalsiamu, zinki, oksijeni, na vikundi SO₄ na CO₃. Valensi 3: alumini, na kikundi PO₄. Chuma kina mbili, 2 au 3, na swali lenyewe hukuambia ni ipi.

Ukishazijua, vitu viwili vinapeana valensi. Alumini 3 na oksijeni 2: alumini anachukua ile 2, oksijeni anachukua ile 3, unapata Al₂O₃. Magnesiamu 2 na klorini 1: MgCl₂. Zikilingana zinafutana, ndiyo maana tunaandika MgO, si Mg₂O₂. Kikundi kikihitajika zaidi ya mara moja kinaingia kwenye mabano: Ca(OH)₂. Bila mabano ungekuwa na CaOH₂, kitu ambacho hakipo.

Hesabu kabla hujaandika namba yoyote

Milinganyo mingine ipo sawa tangu mwanzo, na kuna wanafunzi wanaoiharibu kwa sababu wanaona aibu kuacha bila namba. Chukua chokaa ya pwani. Mafundi waliojenga nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu walipata chokaa kwa kuchoma matumbawe. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kalsiamu 1 na 1, kaboni 1 na 1, oksijeni 3 na 3. Imekwisha. Chokaa iliyochomwa inamwagiwa maji, inachemka yenyewe:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Nayo ipo sawa. Halafu ukutani inavuta kabonidayoksaidi ya hewani taratibu na kurudi kuwa jiwe:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Mara tatu mfululizo, hakuna kazi ya kufanya. Hesabu, andika "ipo sawa", songa mbele.

Mpangilio: nani aanze, nani asubiri

Hapa ndipo ilipo siri ya wanaomaliza haraka. Usianzie popote. Anza na elementi iliyomo kwenye fomula moja tu upande wa kushoto na moja tu upande wa kulia. Mara nyingi hiyo ni metali, au kaboni. Haidrojeni ifuate. Oksijeni isubiri, kwa kuwa imetapakaa kila mahali. Na kitu chochote kilicho peke yake, kama O₂ au Fe, kiwe cha mwisho kabisa, kwa sababu ukibadilisha namba yake huvurugi kingine.

Tuione kwenye jiko la gesi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nasi tuchukue ile ya kwanza, C₃H₈:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ipo mahali pamoja kila upande. Kushoto 3, kulia 1. Weka 3 mbele ya CO₂:

C₃H₈ + O₂ → 3CO₂ + H₂O

Haidrojeni: kushoto 8, kulia 2. Weka 4 mbele ya maji:

C₃H₈ + O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Sasa ndiyo zamu ya oksijeni. Kulia umeshafunga hesabu: 3 × 2 = 6 kwenye CO₂, na 4 kwenye maji, jumla 10. Kushoto O₂ inabeba mbili mbili, kwa hiyo tano:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Hesabu upya vyote: kaboni 3 na 3, haidrojeni 8 na 8, oksijeni 10 na 10. Ungeanza na oksijeni, ungeweka namba mbele ya maji, kisha kaboni ingekulazimisha uifute, kisha haidrojeni nayo ingekulazimisha. Ndiyo kufutafuta kunakotoboa daftari.

Tazama pia ile 5 inasema nini. Molekuli moja ya gesi inataka tano za oksijeni. Vitundu vya jiko vikiziba kwa ugali uliofurika, hewa haitoshi, moto unakuwa wa njano na sufuria inashika masizi: hiyo ni kaboni iliyokosa oksijeni yake. Ukitaka kwa uzito, tumia uzito wa atomu (C 12, H 1, O 16): gesi 44 na oksijeni 160 zinatoa kabonidayoksaidi 132 na maji 72. Jumla ni 204 huku na 204 kule. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6, kama ungekuwa propani tupu, ungekula karibu kilo 22 za oksijeni na kutoa kilo 18 za kabonidayoksaidi, pamoja na mvuke wa maji wa karibu kilo 10. Mtungi mdogo, lakini unatoa vitu vya kilo 28. Ndiyo maana madirisha ya jikoni hutoa jasho.

Na kwa wanaotumia mkaa, linganisha hizi mbili:

C + O₂ → CO₂

2C + O₂ → 2CO

Ya pili inahitaji nusu ya oksijeni kwa kila atomu ya kaboni. Hewa ikipungua chumbani, mkaa unageukia huko, na CO ni sumu isiyo na harufu. Jiko la mkaa halilali na watu chumba kimoja.

Ukikwama kwenye witiri

Butani, C₄H₁₀, hukwamisha wengi. Fuata mpangilio ule ule: kaboni inakupa 4CO₂, haidrojeni inakupa 5H₂O. Oksijeni ya kulia sasa ni 8 + 5 = 13, nayo ni namba witiri, wakati O₂ kushoto inataka shufwa. Usirudi mwanzo. Andika sehemu bila woga:

C₄H₁₀ + 13/2 O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Kisha zidisha kila kitu kwa 2 ili kuiondoa ile asili ya chini:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Kosa la hapa ni kuzidisha O₂ peke yake na kusahau wengine. Ukizidisha, zidisha wote.

Namba mbili zisipogawana, ile KDS ya shule ya msingi inatosha. Chuma na oksijeni:

Fe + O₂ → Fe₂O₃

Oksijeni 2 kushoto, 3 kulia. Kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3 ni 6. Kwa hiyo 3O₂ kushoto na 2Fe₂O₃ kulia. Chuma kulia sasa ni 4, na kwa kuwa Fe yupo peke yake, anaingia mwisho bila kumsumbua mtu:

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

(Kutu halisi la bati lako lina maji ndani yake pia. Huu ni mlinganyo wa darasani.)

Vikundi vinavyohama pamoja

Kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bomba, maji ya mto yenye tope hutiwa salfeti ya alumini, ndugu wa karibu wa shabu ambayo bibi zetu walitumbukiza kwenye mtungi, na chokaa. Linalotokea ni hili:

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Ukianza kuhesabu salfa peke yake na oksijeni peke yake, utachoka. Tazama: SO₄ imeingia nzima na imetoka nzima. OH vile vile. Basi kihesabu kikundi kama kitu kimoja. Alumini 2 kushoto, kwa hiyo 2Al(OH)₃. SO₄ ni 3 kushoto, kwa hiyo 3CaSO₄. Kalsiamu kulia imekuwa 3, kwa hiyo 3Ca(OH)₂. OH: kushoto 6, kulia 6.

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

Mistari minne, umemaliza. Ile Al(OH)₃ ndiyo mabonge mepesi yanayonasa tope na kuzama nalo.

Kikundi kikivunjika, njia hii haifai, isipokuwa kwenye asidi na besi kuna ujanja mdogo. Maji yasome kama H–OH: H moja ya asidi, OH moja ya besi. H₂SO₄ ina H mbili, inataka OH mbili, basi 2NaOH, na maji ni mawili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Namba iliyojificha katikati ya fomula

Ziwa Magadi la Kenya lina madini ya trona, yanayochimbwa na kuchomwa ili kupata kaboneti ya sodiamu inayokwenda kwenye viwanda vya kioo. Fomula yake inatisha kidogo:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O → Na₂CO₃ + CO₂ + H₂O

Ile 2 iliyo mbele ya H₂O upande wa kushoto inafanana na namba ya mbele, lakini si yako. Imefungwa na nukta, ni sehemu ya jiwe lenyewe. Usiiguse. Sodiamu: kushoto 3, kulia 2, KDS ni 6, kwa hiyo 2 kushoto na 3 kulia. Kaboni kushoto imekuwa 4, kulia 3 + 1 = 4, kwa bahati inakaa. Haidrojeni: kila jiwe lina 1 + 4 = 5, mawili yana 10, kwa hiyo maji 5.

2Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Oksijeni itumie kama shahidi: kushoto 8 × 2 = 16, kulia 9 + 2 + 5 = 16. (Ile 2 ya mwanzo kushoto inazidisha jiwe zima, pamoja na vilivyo baada ya nukta.)

Mlinganyo ukikataa kabisa: tumia aljebra

Kwa milinganyo ya vitu vitano au sita, kubahatisha kunachosha. Hapa tunatumia herufi. Mfano mzuri naujua kutoka kwa wachimbaji wa Kanda ya Ziwa. Mchanga wa dhahabu uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza wanauita marudio, na dhahabu iliyobaki humo wanaivuta kwa sayanaidi kwenye matangi. Mlinganyo wake:

Au + NaCN + O₂ + H₂O → NaAu(CN)₂ + NaOH

Weka herufi mbele ya kila kimoja:

a Au + b NaCN + c O₂ + d H₂O → e NaAu(CN)₂ + f NaOH

Sasa kila elementi inakupa sentensi moja. CN haivunjiki, ihesabu kama kitu kimoja.

Dhahabu: a = e
CN: b = 2e
Sodiamu: b = e + f
Haidrojeni: 2d = f
Oksijeni: 2c + d = f

Herufi sita, sentensi tano. Hiyo ni kawaida, kwa sababu mlinganyo unakupa uwiano tu. Herufi moja unaichagua mwenyewe. Tumia e kama nguzo. b ni 2e, na b ni e + f, basi f = e. Kutoka haidrojeni, d ni nusu ya e. Kutoka oksijeni, 2c + e/2 = e, kwa hiyo 2c = e/2, na c ni robo ya e. Robo ndiyo ndogo kuliko zote, basi chagua e = 4 ili sehemu zote ziondoke:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Hesabu: dhahabu 4 na 4, CN 8 na 8, sodiamu 8 na 8, haidrojeni 4 na 4, oksijeni 2 + 2 = 4 na 4. Kwa kubahatisha ungeweza kukaa hapo mpaka adhana ya alasiri.

Ile O₂ moja ndogo ina kazi kubwa: bila hewa kuingia kwenye tangi, dhahabu haiyeyuki hata sayanaidi ikiwa nyingi. Na chokaa tuliyoianza juu inarudi hapa, hutiwa kwenye tangi ili maji yasiwe na asidi, kwa sababu sayanaidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya HCN inayoua. Hii si kemia ya kujaribu nyumbani.

Chaji nazo zihesabiwe

Ukifika kwenye milinganyo ya ayoni, yaani atomu au vikundi vyenye chaji ya umeme, atomu zikilingana bado hujamaliza. Tazama:

Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu

Atomu zipo sawa, lakini kushoto chaji ni 2 na kulia ni 3. KDS ni 6. Shaba ije mara tatu, alumini mara mbili:

2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu

Chaji 6 huku, 6 kule. Wengi hupoteza alama hapa kwa kuridhika mapema.

Kabla hujakabidhi karatasi

Hesabu upya kila elementi ukianzia mwanzo, usiamini kichwa. Kisha tazama kama namba zote za mbele zinagawanyika kwa namba moja: 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O imesawazishwa, lakini mtihani unataka namba ndogo kabisa, kwa hiyo gawa kwa 2. Na kama swali limetaka hali za vitu, ziweke mwishoni kabisa, ukishamaliza kuhesabu: s kwa yabisi, l kwa kimiminika, g kwa gesi, aq kwa kilichoyeyuka kwenye maji.

Haya, funika majibu kwa mkono ujaribu:

1. KClO₃ → KCl + O₂
2. C₆H₁₂O₆ → C₂H₅OH + CO₂ (sukari ikichachuka kuwa pombe)
3. NH₃ + O₂ → NO + H₂O
4. FeS₂ + O₂ → Fe₂O₃ + SO₂
5. Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O
6. Na + Cl → NaCl

Majibu. La kwanza: 2, 2, 3. La pili: 1, 2, 2, ukianza na haidrojeni ya C₂H₅OH, kumbuka ni sita, si tano. La tatu: 4, 5, 4, 6, na njiani utakutana na witiri. La nne: 4, 11, 2, 8, anza na chuma, kisha salfa, na oksijeni itakupa 11/2 kabla ya kuzidisha. La tano: 3, 8, 3, 2, 4, hili lifanye kwa herufi, kwa kuwa naitrojeni inatoka sehemu mbili. La sita, kama umeandika "ipo sawa", rudi kwenye zile elementi saba. Klorini haitembei peke yake: 2Na + Cl₂ → 2NaCl.